Tundu Namba Tatu

Mhariri wetu amenifuata tangu mwaka jana akitaka niandike chochote, na kila mara nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa nyaya na namba, hadithi awaachie wale wa fasihi. Huo ulikuwa uongo mdogo. Hadithi ninayo, ila ilikuwa inanitia aibu. Sasa nimetimiza miaka thelathini, na niliyemkosea ameniruhusu niandike mradi nisitaje jina lake. Basi hewala.

Inahusu swichi ya mtandao. Ndiyo, swichi: kile kisanduku cha bati chenye matundu nane ya kuchomekea nyaya na vitaa vya kijani vinavyopepesa. Wenye fani wanaita poti, sisi nyumbani tunasema tundu. Yetu imefungwa ukutani juu ya friji, katika nyumba tunayopanga Yeoville, hapa Johannesburg. Mnaoujua mji huu mnaijua Yeoville. Ukitaka sombe, dagaa au unga wa muhogo unashuka sokoni pale Rockey Street, unasalimia kwa Kiswahili na unajibiwa kwa Kiswahili, japo ni kile cha Kongo ambacho sisi watu wa Tanga mwanzoni tunakicheka halafu baada ya mwaka tunajikuta tunakisema.

Tuko sita. Mimi nasomea uhandisi wa umeme, shahada ya uzamili, pale Wits. Yupo jamaa wa Kisumu wa sheria, Mganda wa Mbarara wa uhasibu, ndugu wawili wa Lubumbashi ambao hawasomi, wanafanya kazi, na dada mmoja wa Goma anayesomea afya ya jamii. Intaneti tunachangia sawa kwa sawa, randi kwa randi. Kifurushi ni cha bei ya chini kabisa: megabiti 20 kwa sekunde za kupakua, 5 za kupakia. Watu sita, simu sita, kompyuta nne, televisheni moja. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa, kuwa mhandisi katika nyumba ya kupanga ni kama kuwa daktari kwenye harusi, hata pilau hulili kwa amani. "Injinia, mtandao unasuasua!" "Injinia, mpira umeganda!" Hawajali kwamba utafiti wangu ni wa gridi ya umeme na sio wa kompyuta. Ikafika mahali nikaona isiwe taabu, nikanunua swichi ya mtumba kwa randi 350, ile aina yenye menyu yake ambayo unaweza kuingia ndani na kupanga mambo. Nikatandaza nyaya vyumbani, nikafunga kile kisanduku juu ya friji kwa sababu hapo ndipo ilipokuwa betri ndogo tuliyonunua wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2023. Waya wa ruta ukaingia tundu namba 1. Meza yangu tundu namba 3. Jamaa wa Kisumu 4, Mganda 5, televisheni 6. Kifaa cha waifai, ambacho simu zote za nyumba hupitia, tundu namba 8.

Nieleze kidogo kwa wasio wa fani. Chochote unachotuma mtandaoni, iwe sauti ya mama au filamu, hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti zikija nyingi kuliko njia inavyoweza kubeba, zinapanga foleni. Foleni ikijaa, za nyuma zinatupwa. Barua pepe haijali kusubiri nusu sekunde. Sauti inajali sana. ITU, shirika linaloweka viwango vya mawasiliano duniani, katika pendekezo lake la G.114 linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo mpaka sikio. Ikizidi hapo sana mnaanza yale ya "haloo, haloo, we sema kwanza, hapana sema wewe."

Mtu wa Dar ataelewa haraka. Ni Ubungo ile ya zamani, kabla ya daraja la Kijazi kufunguliwa mwaka 2021. Trafiki anasimama katikati, anainua mkono, upande huu unapita na ule unasubiri. Msafara wa mkubwa ukija, wote tunazima injini. Yule trafiki haongezi barabara hata sentimita moja. Kazi yake ni kuamua nani asubiri. Kipaumbele kwenye swichi ndicho hicho hicho, hakuna muujiza ndani yake.

Zipo njia tatu za kumwambia trafiki nani ni nani. Ya kwanza inaitwa 802.1p: namba kati ya 0 na 7 inayoandikwa kwenye lebo ya kila fremu. (Ina kichekesho chake: namba 1 iko chini ya 0. Sifuri ni mzigo wa kawaida, moja ni ule wa "pita ukipata nafasi". Nilipoteza jioni nzima kabla ya kulijua hilo.) Ya pili ni DSCP, biti sita katika kichwa cha pakiti ya IP, thamani 64 kwa jumla, na kwa desturi 46 ndiyo huwekewa sauti. Njia hizi mbili zinategemea kifaa au programu iandike alama kwa uaminifu. Ya tatu ni ya kivivu, nayo ni kwa tundu: chochote kinachoingia kwa tundu hili kipewe ngazi hii, kwisha. Swichi haitazami ndani ya pakiti. Haijui kama ni msiba au ni mpira.

Nilichagua ya kivivu. Swichi yangu ina foleni nne, kwa hiyo ngazi nne. Tundu namba 3 nikalipa ya juu kabisa. Namba 4 na 5 nikazipa ya kati. Televisheni na waifai, ya chini kabisa. Sababu nilizojipa zilikuwa nzuri mno: waya ni masomo, simu ni michezo, watu wenye simu wanaangalia vichekesho, mimi nina tasnifu. Halafu nikatangaza sebuleni kwamba nimepanga mtandao, kila mtu atapata haki yake. Wakanipigia makofi. Hakuna aliyeuliza haki yake ni ipi, na nywila ya menyu nilikuwa nayo mimi peke yangu.

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Na hapa ndipo wengi wanaponunua vifaa hivi huvunjika moyo. Kati ya swichi na ruta njia ni gigabiti moja, yaani mara 200 ya ile megabiti 5 tunayopewa kupakia. Kwenye swichi hakuna foleni hata siku moja. Pakiti zinapita kama pikipiki usiku wa manane. Foleni iko mbele, ndani ya ruta, na ruta haimjui mkubwa wala mdogo. Ni sawa na kumweka trafiki Kimara wakati magari yamekwama Ubungo.

Dawa ni kuihamisha foleni. Niliingia kwenye menyu nikaweka kikomo kwenye tundu namba 1, chochote kinachotoka kwenda kwenye ruta kisizidi megabiti 4.5 kwa sekunde. Unajinyima kidogo, lakini sasa foleni inajengeka ndani ya swichi, mahali ambapo una mamlaka. Nikamwomba jamaa wa Kisumu apakie video kubwa, mimi nikapima kutoka mezani kwangu muda wa kwenda na kurudi kwenye seva iliyo hapa hapa Johannesburg. Kabla ya kikomo: milisekunde 900 na zaidi. Baada ya kikomo: 25. Jamani, nilicheza peke yangu chumbani. Kitu ambacho sikufanya, na ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekifanya, ni kupima kutoka mezani kwa mtu mwingine.

Maana swichi ile ilikuwa inatumia kipaumbele kikali. Maana yake ni kwamba foleni ya chini haisogei hata hatua moja mpaka ya juu iwe tupu kabisa. Msafara wa mkubwa, lakini msafara usioisha. Na mimi nilikuwa nikipakia mafaili usiku, tena makubwa. Wengine walipolalamika niliwaambia ni mambo ya baharini. Wakaniamini, kwa sababu tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao wa Tanzania na majirani ukapooza kwa siku kadhaa. Tangu hapo kwetu Yeoville kila kitu kikikwama tunalaumu samaki.

Sasa nije kwenye Ijumaa ile, tarehe 24 Januari 2025.

Wasomaji wa maziwa makuu hawahitaji kukumbushwa wiki ile. M23 walikuwa wameshachukua Sake siku moja kabla, na kutoka Sake mpaka Goma ni kama kilomita 25 tu. Dada yetu hakwenda chuo siku nzima. Alikuwa na simu mkononi anapiga, anasubiri, anapiga. Sisi tulipika, tukala, hakula. Saa mbili usiku mimi nikaingia chumbani nikaanza kupakia matokeo ya majaribio yangu ya kompyuta kwenye seva ya chuo, gigabaiti 11. Msimamizi wangu alitaka kuyaona Jumamosi asubuhi. Kwa megabiti 4.5 hiyo ni zaidi ya saa tano.

Saa sita kasorobo nikatoka kwenda kunywa maji. Yeye alikuwa jikoni amesimama karibu na friji, maana hapo ndipo waifai inashika vizuri. Simu ameweka sauti ya nje. Goma na Johannesburg zina saa moja, kwa hiyo na kule ilikuwa usiku uleule. Mama yake alikuwa amepatikana hatimaye.

"Mama, mutaenda fasi gani?" anauliza. "Wakifika, mutaenda fasi gani?"

Na sauti ya mama inakuja safi kabisa, kama yuko chumba cha pili: "Siko nakusikia, mwanangu. Siko nakusikia."

"Mutaenda fasi gani, mama!"

"Siko nakusikia."

Juu ya kichwa chake, pale ukutani, kitaa cha tundu namba 3 kilikuwa kinapepesa bila kupumzika. Cha namba 8 kinawaka, kinasita, kinawaka.

Mtandao wa mbali ukiharibika mara nyingi unavuruga pande zote mbili. Hapa sauti inayokuja ilikuwa nzima, inayokwenda ndiyo iliyokatika. Kupakua kulikuwa huru, kupakia kulikuwa kumezibwa. Mimi ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyeweza kusoma dalili hiyo, na niliisoma, nikiwa na glasi mkononi. Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa mpaka baadaye. Nilielewa palepale.

Nikarudi chumbani. Nikatazama kioo: asilimia 69. Nikikatisha, programu ile inaanza upya kutoka sifuri, na msimamizi anasubiri asubuhi. Nikajiambia dakika kumi tu, pengine atapiga tena baadaye. Kwa kusimamisha ilihitaji kubofya mara moja. Nilikaa kitandani namsikiliza kupitia ukuta akiuliza swali lile lile mara nne, mara tano, halafu kimya.

Nilipotoka tena alikuwa ameketi sakafuni. Akaniomba radhi kwa kupiga kelele usiku. "Rezo ya kule iko mubaya, kaka," akasema. Nikamjibu pole sana, dada. Nikaenda kulala. Faili lilimalizika kabla ya saa nane, na Jumamosi msimamizi alinijibu kwamba ataliangalia Jumatatu.

Jumatatu hiyo, tarehe 27, M23 walikuwa ndani ya Goma. Umeme ulikatika, mtandao ukakatika, simu ya mama haikupatikana tena. Sasa kweli ilikuwa rezo ya kule. Siku sita dada hakujua kama mama yake na wadogo zake wamebaki nyumbani, au wamevuka mpaka kwenda Gisenyi, au jingine ambalo hakuna aliyelitamka. Kwa siku hizo sita nilibadilisha kila kitu kwenye ile menyu. Nililishusha tundu langu mpaka chini, nikaipandisha waifai mpaka juu, nikapima kutoka kila chumba kama mwendawazimu. Mganda akaniuliza nina nini. Nikasema naboresha.

Siku ya saba ikaja simu kwa namba ya jirani. Walikuwa kwa shangazi, mtaa mwingine wa mji ule ule, wamejifungia ndani, wazima. Nyumba nzima ililia, hata wale wa Lubumbashi ambao huwa hawalii. Sauti ilipita vizuri kwenda na kurudi. Nilikuwa nimesimama chini ya swichi naangalia vitaa, na sijawahi kujisikia mdogo vile.

Nilichukua wiki tatu kumwambia. Kila siku nilikuwa na sababu: leo amechoka, leo ana mtihani, leo yuko na furaha nisiiharibu. Mwishowe ikawa Jumapili, yuko jikoni anachambua sombe, nikaanza kueleza habari za foleni na ngazi nne na kipaumbele kikali. Akanikatisha. "Kaka, unataka kusema nini?" Nikasema: usiku ule wa Ijumaa haikuwa rezo ya Goma. Nilikuwa mimi. Na nilijua.

Aliendelea kuchambua yale majani. Muda mrefu. Halafu akasema, "Mie nilikasirikia mama. Nilizania anajifanya hanisikie, juu hakutaka kutoka nyumba yake. Hizi siku zote nilikuwa na hasira naye." Akanawa mikono, akaifuta, akasema: "Nionyeshe."

Nikaleta kompyuta. Nikafungua ukurasa wa zamani ambao nilikuwa nimeuhifadhi: matundu nane, ngazi zake pembeni. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na huyu wa chini kabisa ni nani?" Nikasema ni waifai. Simu. "Ni sisi," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza maswali, maswali ya mtu wa afya ya jamii: nani aliamua, lini, wengine waliambiwa nini, na nywila iko kwa nani.

Jioni ile tulikaa wote sita. Jamaa wa Kisumu, kwa kuwa ni mwanasheria, alitaka kuandika katiba, tukamzuia. Lakini tulikubaliana mambo, na kwa kuwa najua baadhi yenu mko katika nyumba kama yetu, kule Pretoria au Leeds au Guangzhou, nitayasema hapa kwa faida yenu. Kwanza tuliacha kipaumbele kikali, tukaweka zamu kwa uzito, uwiano wa 8, 4, 2 na 1. Foleni ya juu inapitisha nane, ya chini nayo inapitisha moja, kwa hiyo hata mnyonge anasogea. Waifai ikakaa juu kwa sababu ndiko sauti zetu zinakopita, na simu moja ya sauti haili hata kilobiti 100 kwa sekunde. Ukiipa njia hakuna atakayeona pengo. Mafaili makubwa yote chini, ya kwangu yakiwa ya kwanza. Kikomo cha megabiti 4.5 kikabaki, bila hicho mengine yote ni mapambo.

Na kama ruta yenu inakubali OpenWrt, fanyeni hivyo kabla ya kuhangaika na matundu. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, njia ya kuzuia foleni isirefuke kiasi cha kuharibu sauti, na warithi wake, kama fq_codel na CAKE, hutenganisha kila mazungumzo na kuyapa zamu bila kuuliza yametoka tundu gani. Laiti ningeanza na hiyo, nisingekuwa na la kuandika. Msitegemee pia kwamba alama mnazoandika ndani ya nyumba zitaheshimiwa huko nje. Kampuni nyingi za mtandao huzifuta au huzipuuza pakiti ikivuka mlango wenu. Mnapanga sebule yenu tu.

Jambo la mwisho tulilokubaliana lilikuwa la nywila. Ilibadilishwa mbele ya watu wote. Wanaijua wawili, dada wa Goma na Mganda, na mabadiliko yoyote lazima wote wawili wawepo. Mimi siijui. Kwa mhandisi si jambo dogo kuishi katika nyumba yenye swichi uliyoifunga kwa mikono yako na huwezi kuifungua, lakini nimezoea. Mafaili yangu nayapakia saa nane usiku wakati nyumba imelala, au nayabeba kwenye diski mpaka chuoni.

Wiki iliyopita nilikwama. Nilikuwa na gigabaiti 7 na siku moja tu. Nikamwendea dada nikamwomba alipandishe tundu namba 3, usiku mmoja tu. Akaniuliza ni za nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema atawauliza wengine.